Gari la Mzee

Kiwanda cha sabuni kilipofungwa, kila mfanyakazi alilipwa kwa kile kilichobaki. Wapika sabuni walipewa sabuni. Karani wa stoo alipewa meza na viti vitatu. Bawabu alipewa katoni arobaini za sabuni ya kufulia pamoja na mizani iliyopoteza sahani moja, na ndani ya wiki mbili alikuwa ameshauza karibu vyote, mizani ikiwemo. Dereva alipewa gari.

Dereva huyu watu walimwita Breki, kwa sababu katika miaka kumi na tisa ya kumwendesha mwenye kiwanda hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Gari alilopewa halikuwa lile jeusi la milango minne alilompelekea Mzee kazini. Hilo lilichukuliwa na benki. Alipewa la njano, gari la michezo la ujanani mwa Mzee, viti viwili, fupi kama kiatu, lililokaa miaka mingi chini ya turubai nyuma ya ghala. Jumapili moja moja Mzee alilitoa mwenyewe. Kazi ya Breki ilikuwa kuliosha, kulipaka nta, na kuipasha injini moto kila Ijumaa. Kuliendesha, alikuwa ameliendesha kutoka kivulini hadi juani, kisha akalirudisha kivulini.

"Chukua, Breki," Mzee alimwambia akimwekea ufunguo kiganjani. "Wewe na gari hili mmeshazoeana."

Breki alipokea kwa mikono miwili, akainama, akashukuru sana. Alikuwa amefika nusu ya safari ya nyumbani ndipo ilipomjia kwamba siku ile hakwenda kule kushukuru. Alikwenda kudai malipo yake ya kumaliza kazi.

~

Nyumbani walikuwa wanne: Breki, mkewe aliyekuwa akishona sare za shule barazani, binti yao wa miaka kumi na saba, na mama yake Breki, ambaye nyumba nzima na majirani walimwita Bibi. Hao wanne walikaa vyumba viwili vya kupanga, na sasa walikuwa na gari la watu wawili.

Mke aliiweka chini suruali aliyokuwa akiipinda, akalizunguka gari mara moja polepole kama anayempima mteja. Aliuliza malipo yako wapi. Breki akasema ndiyo haya. Mke akauliza kama sabuni ilikuwa imekwisha.

"Wenzako wamepewa sabuni," alisema. "Sabuni tungefulia."

Bibi yeye alitaka kulipanda siku hiyo hiyo. Kuingia hakukuwa na shida: ulisimama ukalipa mgongo, ukajiachia, ukaanguka ndani kama gunia. Breki alimzungusha hadi kwenye kona ya bucha na kumrudisha. Shida ilikuwa kutoka. Kiti kilikuwa chini mno, na magoti ya Bibi hayakuwa na habari ya kunyanyuka. Mwanawe alivuta mkono wa kulia, mkwewe wa kushoto, mjukuu akasukuma mgongoni, na fundi viatu wa jirani akaja kushika miguu.

"Hili gari halipandwi," Bibi alisema alipopata pumzi. "Linavaliwa. Na limenibana." Kisha, kwa kuwa alikuwa hawezi kupitisha siku bila kutega, akatega. "Kitendawili."

"Tega," fundi viatu akaitikia.

"Nyumba yangu ya watu wawili, kumtoa mmoja kunataka wanne."

Walicheka wote, hata mke, ambaye alicheka huku akirudi kwenye cherehani yake.

~

Katika wiki tatu za mwanzo Breki alijifunza mambo mengi kuhusu kumiliki kile alichokuwa akikiosha.

Alijifunza kwamba mtu akikaa ndani ya gari lile huiona dunia kwa kimo cha magoti. Watu aliozoea kuwaangalia usoni sasa alijua viatu vyao. Alijifunza kwamba tuta la barabarani halivukwi moja kwa moja. Linavukwa upande, tairi moja baada ya jingine, huku nyuma magari yakipiga honi. Mvua ikinyesha, tone lilimdondokea kwenye goti la kushoto, hilo hilo kila mara. Taa za mbele zilikuwa za kulala na kuamka: ukibonyeza swichi zinafunguka kama macho. Jicho la kulia lilifunguka. La kushoto lilifikiria, likatetemeka, likabaki limefumba, hivyo gari likaonekana kama linamkonyeza kila linayekutana naye. Mke alimwonya asilipeleke karibu na saluni ya wanawake.

Petroli lilikunywa kama lenye hasira. Baada ya wiki ya kwanza Breki aliliwasha Ijumaa tu, dakika kumi, kama alivyofanya kiwandani, akalizima.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Injini ilipokohoa mara mbili halafu ikashika, mlio ulimpanda kutoka kwenye kiti hadi kifuani, na kwa zile dakika kumi alihisi ana miaka ishirini. Halafu jicho lake lilikwenda kwenye kioo cha ndani kumtazama Mzee kiti cha nyuma, kama ametulia, kama anataka dirisha lifungwe. Kiti cha nyuma hakikuwepo. Kioo kilimwonyesha kamba ya nguo na sare tatu zinazokauka.

Mtaa nao ulijifunza. Muuza maji, aliyekuwa akimjazia mke ndoo ya tano bure, aliacha, akasema wenye magari wanunue zote. Mwenye nyumba alipita mara mbili kuangalia dari ambayo kwa miaka minne hakuiangalia. Shemeji mmoja alipiga simu kutoka mbali, akaanza kwa kuwasalimia watu wote wa nyumba kwa zamu, na mke akajua mapema salamu zile zinaelekea wapi. Shuleni, alikokuwa amemaliza lakini bado akienda kwa masomo ya ziada, binti alianza kuitwa Tajiri. Hakuwa amelipanda gari hata siku moja, na alisema hatalipanda.

Na hapo ndipo penye jambo lenyewe. Binti alikuwa amefaulu vizuri, akachaguliwa kuendelea na masomo ya sayansi katika shule ya bweni, mwendo wa saa tano kwa basi. Baba hana kazi. Cherehani ya mama ilitosha chakula na kodi. Ilibaki njia moja: mfuko wa ufadhili wa shule aliyomaliza, unaolipia wanafunzi wachache kila mwaka. Kamati ya mfuko haikuamini makaratasi peke yake. Ilikwenda nyumba kwa nyumba kuona kwa macho. Bila mfuko, nafasi ile angepewa mwingine.

Kamati ilisema itafika Jumatano, saa tatu asubuhi.

~

Mke ndiye aliyepanga. Gari litoke, likae gereji kwa siku hiyo moja. Si uongo, alisema. Ni kuondoa kitu kinachoziba mlango. Breki alikubali. Jumanne jioni alikwenda kuliwasha, betri ikawa imekufa kabisa. Fundi wa gereji aliahidi kuja asubuhi saa mbili na betri ya kuazima.

Asubuhi ya Jumatano Breki aliamka saa kumi na moja na nusu, kama alivyoamka kwa miaka kumi na tisa. Alitoka nje. Umande ulikuwa umetanda kwenye vioo. Alichukua kitambaa kufuta kioo cha mbele tu, ili atakapolisogeza aone anakokwenda. Kioo kilipong'aa, boneti ilionekana chafu. Alichota maji nusu ndoo.

Mke ndani alikuwa akimwogesha Bibi na kumvalisha, akakunja magodoro, akafagia. Alipochungulia nje ilikuwa saa tatu kasorobo. Gari la njano lilikuwa limesukumwa mbele ya mlango, pua ikitazama barabarani, tairi zimepakwa mafuta zikawa nyeusi kama viatu vya harusi. Hata ile nembo ndogo ya mbele ilikuwa imesuguliwa. Mumewe alikuwa amesimama kando yake, amevaa shati jeupe lililofungwa hadi kifungo cha juu, kitambaa kimekunjwa mkononi.

"Umefanya nini?" aliuliza taratibu.

Breki alitazama gari, akatazama kitambaa, kama vile ndiyo kwanza anaviona.

"Si umesema wageni wanakuja," alijibu.

Fundi wa gereji hakuwa ametokea. Mke alishika nyuma ya gari asukume, mume akaenda mbele, na kabla hawajalitikisa, gari la shule likaingia mtaani na kusimama. Breki aliacha alichokuwa akifanya. Miguu yake ilimpeleka yenyewe. Aliufungua mlango wa nyuma wa gari la wageni kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akauweka juu, kwenye ukingo wa paa, ili anayetoka asigonge kichwa.

Aliyetoka alikuwa mwenyekiti wa kamati, mkunga mstaafu, mwanamke mnene, mtaratibu. Aliutazama ule mkono uliokuwa juu ya kichwa chake, akamtazama mwenye mkono, akashukuru. Nyuma yake alishuka karani wa shule na daftari. Karani hakutazama mkono. Alitazama gari la njano, akafungua ukurasa.

Waliingia ndani. Waliona vyumba viwili, kitanda cha Bibi nyuma ya pazia, vitabu vya binti ndani ya katoni ya sabuni iliyowekwa juu ya nyingine ikawa kabati. Karani aliuliza wanakula mara ngapi, anayelala na Bibi ni nani, cherehani ni yao au ya kukodi. Mke alijibu yote bila kupunguza wala kuongeza. Kisha karani akauliza habari ya gari.

Breki alisema amepewa na mwajiri wake.

"Ni zima?"

Sasa, dereva aliyefunzwa ana jambo moja ambalo halitoki kinywani mwake: hamwambii abiria kwamba gari ni bovu. Hata likiwa linakufa, atasema linapumzika. Breki alisimama wima. "Zima kabisa, mama. Injini haina tatizo. Nimelitunza mwenyewe."

Alijibu akimwelekea mkunga, kwa adabu, ingawa aliyeuliza alikuwa karani. Mke alimkanyaga mguu, amechelewa. Na hapo hapo uani ikasikika sauti ya fundi wa gereji akiita betri ya ndege imefika, rubani yuko wapi. Karani akaandika na hilo.

~

Jibu lilikuja Jumatatu, amelibeba binti mwenyewe. Alilisoma kwa sauti, amesimama mlangoni, begi bado liko mgongoni. Ombi limekataliwa, kwa kuwa kaya inamiliki gari la anasa, zima, lililotunzwa vizuri. Mwenye pingamizi alete ushahidi wa maandishi kabla ya Ijumaa.

"Lililotunzwa vizuri," mke alirudia. "Hongera, mume wangu."

Binti hakulia. Alikunja barua mara nne, akaiweka juu ya cherehani, akaingia ndani kuvua viatu. Hilo lilimuuma Breki kuliko kilio.

Jumanne alitaka kuliuza. Mnunuzi wa magari ya mtumba alisema vipuri vyake havipatikani tena. Mnunuzi wa vyuma chakavu alisema hununua kwa uzito, akalitikisa kwa mkono mmoja, akamweleza kwamba gari la michezo hutengenezwa jepesi makusudi.

Jumatano alikwenda kwa Mzee kwa miguu. Bawabu mpya wa pale hakumjua, akamwambia asubiri nje ya geti, na Breki akasubiri mahali pale pale alipokuwa akisubiri zamani, tofauti ni kwamba zamani alikuwa amekaa ndani ya gari. Baada ya saa nzima aliitwa. Mzee alikuwa amepungua. Alimuuliza habari za gari kabla ya kumuuliza habari za watu.

Breki aliomba barua. Maneno machache tu: kwamba gari lile alipewa badala ya malipo yake.

Mzee alilitazama dirisha. Alisema neno "badala" ni zito, mbele ya sheria lina maswali. Alisema yeye alilitoa kwa moyo, na jambo lililotolewa kwa moyo lisitiwe hesabu. Aliandika mwenyewe, kwa kalamu nzuri, nusu ukurasa wa sifa: dereva mwaminifu, mwenye nidhamu, hakuwahi kuchelewa, na kwa kuthamini hayo amemzawadia gari lake alipendalo. Akapiga mhuri wa kiwanda kilichokwisha kufungwa.

Breki alitaka kusema kitu. Kilifika kooni, kikageuka kuwa "Asante, Mzee." Alipokuwa akitoka, Mzee alisimama ili amsindikize, na Breki akamfungulia mlango wa nyumba yake mwenyewe.

~

Pingamizi lilisikilizwa Alhamisi, chumba cha walimu. Mke alisema waende kwa gari, walione kwa macho, wasikie linavyokohoa, waone linavyokonyeza. Kwa hiyo Breki aliwasili kuomba msaada akiwa ndani ya gari la michezo la njano, na mlinzi wa shule, ambaye kila siku humpita binti bila kumwona, alifungua geti lote na kupiga saluti.

Karani aliisoma barua ya Mzee. Alisema ni nzuri, na imethibitisha. Zawadi ni mali. Kama angelipwa fedha, wangezihesabu. Amelipwa gari, wamelihesabu. Breki aliambiwa aeleze ubovu wa gari. Alianza na taa ya kushoto. Alifika kwenye tone la gotini, sauti ikapungua, akanyamaza. Ilikuwa kama anamsema marehemu. Mke alimalizia yeye: sakafu imeliwa na kutu, gia ya pili inaruka, petroli hawana. Karani aliandika, akasema watajulishwa, akatoka na daftari lake.

Mkunga alitoka wa mwisho. Nje alisimama akikusanya miwani na mkoba. Gari la shule lilikuwa limeondoka na mwalimu mkuu.

"Baba," alimwambia Breki, "unapita upande wa zahanati? Nishushe."

Mke alisema yeye atatembea, si mbali. Alilitazama gari, akamtazama mkunga kiunoni, akafungua mdomo amtahadharishe, akaufunga.

Breki alifungua mlango. Mkono mmoja kwenye kitasa, wa pili juu ya ukingo wa paa. Mkunga alilipa gari mgongo, akajiachia, akaanguka ndani. Aliona dunia kwa kimo cha magoti, akasema lo.

Walikwenda polepole, tuta kwa tuta, upande upande. Injini ilinguruma, na watoto walikimbia kando. Mkunga hakuuliza habari za kodi wala chakula. Aliuliza dereva huanza kazi saa ngapi, hula wapi akiwa anasubiri, na kwa nini hakuna redio. Breki alisema redio ipo. Mkunga akauliza kwa nini haijawashwa. Breki alisema hajaambiwa aiwashe.

Walikata kona ya zahanati. Jicho la Breki lilikwenda kwenye kioo, likarudi.

"Hivi, baba," mkunga aliuliza, kama anayeuliza saa, "hili gari ni la nani?"

"La Mzee," Breki alijibu.

Alijibu upesi, macho yako barabarani, na hakusikia alichosema. Mkunga alikisikia. Walifika mlangoni kwake.

Kumtoa kulitaka watu wanne: Breki, mjukuu wake mkunga, na wauguzi wawili waliokuwa wakipita kwenda zamu. Alipotoka hatimaye, kitenge kimemwenda upande, miwani iko shavuni, alishika boneti akahema.

"Nimezalisha wanawake miaka thelathini na nne," alisema. "Leo ndiyo nimejua mtoto anavyojisikia."

Wauguzi walicheka. Breki hakujua kama inafaa kucheka, akashusha macho. Mkunga alijinyoosha nguo, akaiangalia tena ile mikono ya Breki.

"Sikuahidi kitu," alimwambia. "Ila kesho binti apite aangalie orodha."

~

Orodha ilibandikwa Ijumaa mchana kwenye mlango wa ofisi. Majina kumi, yamepigwa chapa. Chini yake, kwa kalamu ya bluu na mwandiko mnene usio wa karani, kulikuwa na jina la kumi na moja.

Binti alilisoma jina lake mara tatu, akakimbia hadi nyumbani, na alipofika akasimama mlangoni akakosa pa kuanzia. Mama yake aliangalia uso tu. Aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani, akautua chini, akakaa hivyo, mikono mapajani, mpaka Bibi akauliza kwani umeme umekatika. Cherehani ile ilikuwa ya miguu.

Sanduku la bati lilinunuliwa kwa fundi bati, likapakwa rangi, likajazwa shuka mbili, sare, sabuni ambayo bawabu wa kiwanda alileta kwa mkono wake mwenyewe, na vitabu. Siku ya safari likatokea swali ambalo Bibi alilifurahia kuliko wote, kwa sababu lilikuwa kitendawili kilichojitega chenyewe: watu watatu na sanduku moja kwenda stendi ya mabasi, gari lina viti viwili.

Mke alilikata. Yeye na binti watatembea, dakika ishirini. Sanduku litapanda gari.

Walipofika stendi, Breki alikuwa ameshafika. Alikuwa ameliegesha mbali kidogo na mabasi, nyuma ya kibanda cha tiketi, kama binti alivyoomba. Walimkuta akifungua mlango wa abiria. Sanduku lilikuwa limekaa kitini limefungwa mkanda. Breki alifungua mkanda, akauweka mkono mmoja juu ya ukingo wa paa, na kwa mkono wa pili akaanza kulitoa polepole.

"Baba," binti alisema, "hilo ni sanduku."

"Najua."

"Halina kichwa."

Breki aliutazama mkono wake uliokuwa juu. Aliacha ulivyo mpaka sanduku likatoka. Utingo wa basi alilichukua, akalipandisha juu, akasema bado dakika kumi na tano.

Mama alikwenda kuhakikisha kiti cha dirishani. Binti alibaki na baba yake kando ya gari la njano. Lilikuwa na vumbi. Tangu ile Jumatano hakuliosha. Binti alipitisha kidole kwenye boneti, akachora mstari, akaufuta.

Alisema bado dakika kumi na nne. Alisema hajawahi kulipanda.

Breki alikuwa ameshageuka kwenda upande wa abiria kumfungulia. Binti alimshika kiwiko, akamrudisha. Alizunguka yeye hadi upande wa usukani, akavuta kitasa, kikagoma, akavuta tena, mlango ukafunguka. Alisimama kando yake wima. Mkono wa pili akauweka juu, kwenye ukingo wa paa.

"Ingia, Baba."

Breki alisimama. Miaka kumi na tisa, na hakujua mtu anayefunguliwa mlango huweka wapi mikono yake. Aliitia mifukoni, akaitoa. Utingo alikuwa akiwatazama, na muuza karanga, na abiria wawili dirishani. Kisha akaligeuzia gari mgongo, akainama, akajiachia.

Kichwa chake kilipita chini ya kiganja cha binti yake, hakikugusa chochote.

Binti aliufunga mlango taratibu, akazunguka, akaingia mwenyewe upande wa pili akaanguka kama gunia, akacheka. Injini ilikohoa mara mbili, ikashika. Kabla hawajaondoka Breki alinyoosha kidole akabonyeza redio, na jicho lake halikwenda kwenye kioo.